Kaboni iliyolala Ruhuhu: kwa nini moshi wa makaa ya mawe si sawa na moshi wa kuni

MchimbaTabaka (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Kwenye nyuzi za mazingira kuna hoja moja inajirudia: hewa ukaa (kaboni dioksidi) ni kitu cha asili, miti inaihitaji, volkano zinaitoa, na binadamu anachangia asilimia 4 au 5 tu ya inayoingia angani kila mwaka, kwa hiyo makaa ya mawe na mafuta yanasingiziwa. Hoja hii inawashika wengi, hata waliosoma, kwa sababu takwimu yake ni ya kweli. Tatizo liko kwenye hitimisho. Kazi yangu ni ya miamba, na jambo hili linanigusa, kwa hiyo naomba nilieleze taratibu.

Mimea ya nchi kavu hufyonza takriban tani bilioni 120 za kaboni kwa mwaka kwa njia ya usanisinuru. Karibu kiasi hichohicho hurudi hewani: mimea inapopumua, majani yanapooza, mchwa wanapokula, moto wa nyika unapopita. Bahari nayo hupokea na kurudisha tani bilioni 80 hivi. Sisi tunaochoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia tunatoa kama tani bilioni 10. Ukiipima pamoja na oksijeni inayoungana nayo, ni tani bilioni 37 hivi za kaboni dioksidi. Kumi mbele ya mia mbili ni kidogo, sikatai.

Sasa chukueni upatu wa akina mama ishirini. Kila wiki pesa inatolewa, inapokelewa, inabadili mikono, lakini jumla iliyo ndani ya kikundi haiongezeki hata shilingi. Akija mtu wa nje akaanza kuchomeka noti moja kwa kila ishirini zinazopita, noti ambazo hazikuwahi kuwa za kikundi, baada ya mwaka mmoja kikundi kitakuwa na pesa ambayo hakuna mwanachama aliyeichanga. Ukubwa wa noti moja ukilinganishwa na zote zinazozunguka haujalishi. Swali ni ilitoka wapi na kama kuna anayeiondoa.

Makaa ya mawe ya Ngaka kule Mbinga na ya Mchuchuma kule Ludewa ni mimea ya zama za Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Wakati huo ardhi hii ilikuwa imeshikana na India, Australia na Antaktika katika bara moja la Gondwana. Bonde la Ruhuhu lilikuwa na vinamasi, na miti ya jamii ya Glosopterisi ilianguka kwenye maji yasiyo na oksijeni ya kutosha. Bakteria walishindwa kuimaliza, mchanga na tope vikaifunika, uzito na joto vikakamua maji, ikabaki kaboni. Kumbukeni kwamba sehemu kubwa mno ya mimea haifiki huko. Karibu yote huoza na kurudi hewani, na inayozikwa kabisa ni chini ya asilimia moja. Ndiyo maana tabaka moja la makaa lenye mita chache lilichukua muda mrefu kiasi kile kujikusanya.

Kuni uliyochoma jana ilibeba kaboni iliyokuwa hewani miaka kumi au thelathini iliyopita. Mti ukiota tena palepale, hesabu inarudi ilipokuwa. Makaa ya Ngaka yamebeba kaboni iliyoondoka kwenye mzunguko kabla ya dinosaria, na sisi tunairudisha yote ndani ya dakika chache za tanuri.

Matokeo yanapimika. Kabla ya viwanda, angahewa ilikuwa na sehemu 280 hivi za kaboni dioksidi kwa kila milioni. Charles David Keeling alipoanza kupima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315. Leo zimepita 420. Mapovu ya hewa yaliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika yanatupa kumbukumbu ya miaka 800,000, na katika muda wote huo haikuwahi kuvuka 300.

Na hapo ni baada ya kusaidiwa. Mimea na udongo hufyonza karibu asilimia 30 ya tunachozidisha, bahari kama robo. Inayobaki angani ni chini kidogo ya nusu.

Karibuni tujadili.

Mwana_Longido

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nyumbani naiona Ol Doinyo Lengai kwa macho. Ule mlima unatema kaboni hasa, walimu walitufundisha ndiyo volkano pekee duniani iliyo hai yenye lava ya kabonati. Na Bonde la Ufa lote linavuja gesi. Mtu anajuaje kwamba kaboni iliyoongezeka imetoka kwenye bomba la moshi na si kwenye nyufa za ardhi? Hewa haina lebo.

MchimbaTabaka

Mkuu, lebo ipo, na kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika sayansi hii.

Ni kweli kuhusu Lengai, na ni kweli Bonde la Ufa linavuja. Lakini volkano zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, kwa mwaka hazifikishi hata asilimia moja ya tunachotoa sisi. Hiyo ni hoja ya ukubwa. Ushahidi wa asili yake uko wa namna tatu.

Wa kwanza ni kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi. Huzaliwa juu angani kwa miale kutoka anga za mbali, huingia kwenye mimea, na ikishazikwa hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Kitu chenye umri wa mamilioni ya miaka hakina hata chembe. Mwaka 1955 Hans Suess alionyesha, kwa kupima miti, kwamba hewa ya karne ya 20 ilikuwa imechujuka: uwiano wa kaboni-14 ulishuka kwa sababu kaboni nzee isiyo nayo ilikuwa inamiminwa. Hapo peke yake ungeweza kusema volkano nayo hutoa kaboni nzee, na ungekuwa sahihi.

Wa pili ni kaboni-13. Mmea unapofyonza hewa huipendelea kaboni nyepesi, kaboni-12, kwa hiyo chochote kilichowahi kuwa mmea kina upungufu wa kaboni-13. Kaboni ya volkano haina upungufu wa kiasi hicho. Hewa ya dunia inazidi kuwa nyepesi mwaka hadi mwaka. Maana yake, kaboni inayoongezeka iliwahi kuwa uhai.

Unganisha hizo mbili: ni nzee mno, na iliwahi kuwa mmea au mwani. Kitu gani kingine chenye sifa hizo zaidi ya makaa ya mawe, mafuta na gesi?

Wa tatu ni oksijeni. Ralph Keeling, mwana wa yule Keeling wa kwanza, amekuwa akiipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nayo inapungua sambamba na uchomaji. Volkano inapotoa kaboni dioksidi haili oksijeni ya hewa. Moto ndio unaoila. (Asije mtu akaogopa. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa na upungufu ni mdogo sana, hatutakosa pumzi. Lakini kama ushahidi, upungufu huo unatosha.)

Jirani_wa_Nyiragongo

Jambo yenu wote. Mimi ni wa Goma. Hewa hiyo kwetu haijadiliwi darasani tu, inaua. Kuna mashimo na mabonde tunayaita mazuku, kaboni dioksidi inatoka chini na kwa sababu ni nzito kuliko hewa inatuama hapo. Asubuhi unakuta mbuzi amekufa, mara nyingine mtoto. Tena Ziwa Kivu lina gesi nyingi chini, ya kaboni na ya metani, na Rwanda wanaichota metani kufanya umeme. Swali yangu: metani hiyo nayo ni ya kisukuku, yaani ya mabaki ya viumbe wa kale kama mafuta?

MchimbaTabaka

Pole sana ndugu yangu kwa wanaopotea kwenye mazuku. Inauma kwamba watu wanakufa kwa kitu ambacho alama za tahadhari na vipimo vingeweza kuwaepusha nacho.

Kivu ni kisa cha kipekee. Kilindini kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani, zimeshikiliwa na mgandamizo wa maji. Kaboni dioksidi inatoka zaidi kwenye magma, mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Metani inatengenezwa na vijidudu, sehemu kutokana na hiyohiyo gesi ya magma na sehemu kutokana na mabaki ya viumbe yanayozama. Kwa hiyo si ya kisukuku kwa maana ya Songo Songo, ambako gesi iko ndani ya miamba ya mchanga ya zama za Kretasia, lakini nayo ina kaboni nyingi nzee.

Tofauti ni kwamba gesi ya Songo Songo, isipoguswa, ingekaa huko mamilioni ya miaka mingine. Ya Kivu haina uhakika huo. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni lilitema kaboni dioksidi usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700, na lile ni ziwa dogo kabisa mbele ya Kivu. Pia metani ikitoroka bila kuchomwa, kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Mtambo wa KivuWatt, megawati 26, unaigeuza kuwa umeme na kaboni dioksidi. Nikipima yote, naona kuichota kwa uangalifu ni jambo la maana. Nisingesema hivyo kuhusu kisima kipya cha mafuta.

BintiRufiji

Mkuu, kuna kitu kinanichanganya. Serikali inatuhimiza tuache mkaa tutumie gesi ya mtungi. Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Kwa maelezo yako, mkaa unatokana na mti wa juzi na gesi ya mtungi ni kisukuku. Si bora basi tubaki na mkaa?

MchimbaTabaka

Dada, hili ni swali zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa.

Nilisema hesabu ya kuni inarudi ilipokuwa *mti ukiota tena*. Sharti hilo kwetu halitimizwi. Msitu wa miombo unakatwa, tanuri la udongo linakula kilo nane hadi kumi za mti kutoa kilo moja ya mkaa, kisha eneo linageuzwa shamba au linakatwa tena kabla halijapona. Kwa takwimu za serikali tunapoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kwa mwaka. Kaboni ya msitu usiorudi inabaki angani, na hapo angahewa haijali kama ilikuwa ya juzi au ya Permi. Tena tanuri lile hutoa metani na moshi wenye sumu, na aliyeinama juu ya jiko la mkaa au kuni kwenye chumba kisicho na dirisha anavuta yote.

Kwa hiyo kwa jikoni la leo, mtungi unashinda, na ninamwambia kila mtu wa nyumbani kwangu hivyo. Ila tusijidanganye kwamba ndiyo mwisho wa safari. Umeme wa Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, kwenye mto wa kwenu Rufiji, ukifika jikoni kwa bei ambayo mama wa Ikwiriri anaimudu, huo haufukui kaboni ya kale. Kwa nini jiko la umeme halipewi nguvu sawa na mtungi, hilo ni swali ambalo wabunge wetu wanapaswa kulijibu.

Kaka_Tandale

Mimi niseme wazi. Wazungu walichoma makaa miaka mia mbili wakajenga reli na hospitali. Leo Uganda wamepata mafuta, bomba linakuja Chongoleani, ajira zipo, ndipo tunaambiwa mzunguko wa kaboni. Mbona hatukuambiwa mwanzo?

MchimbaTabaka

Mkuu, hasira yako ni halali, na mzunguko wa kaboni wenyewe unakuunga mkono zaidi ya unavyodhani.

Kaboni dioksidi haipotei kama vumbi linavyotulia. Ukiingiza kiasi kikubwa angani, sehemu yake huchukuliwa na mimea na bahari ndani ya miongo kadhaa, lakini kati ya asilimia 15 na 40 inaweza kuwa bado iko juu baada ya miaka 1,000. Kinachoiondoa moja kwa moja ni mawe kumomonyoka na kaboni kuishia kuwa chokaa ya sakafu ya bahari, kazi ya mamia ya maelfu ya miaka. Kwa hiyo sehemu ya makaa yaliyochomwa Manchester kabla mmisionari Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844 bado iko juu ya kichwa chako, inaongeza joto leo. Deni hilo si la historia, linaendelea kufanya kazi. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya kisukuku. Mmarekani mmoja ni kama tani 14 kwa mwaka, Mtanzania hafikishi nusu tani. Anayetaka kutupangia aanze na hesabu hiyo.

Lakini fizikia haina huruma kwa upande wetu pia. Bomba la Hoima hadi Tanga ni kilomita 1,443, na litapashwa joto la nyuzi 50 hivi njia nzima kwa sababu mafuta yale yana nta nyingi, urithi wa mwani wa maziwa ya kale. Kwenye kilele ni mapipa 216,000 kwa siku. Pipa moja likichomwa hutoa kilo 430 hivi za kaboni dioksidi. Zidisha kwa mwaka: karibu tani milioni 34, mara kadhaa ya inayotoa Uganda yenyewe. Mafuta hayo yatachomwa kwingine, faida kubwa itakwenda kwingine, na mafuriko yatakuja Jangwani na Kigogo, Dar es Salaam. Nani anayebaki na nini, kwangu hapo ndipo mjadala wa bomba ulipopaswa kuanzia.

Baharia_Mafia

Umesema bahari inameza robo. Huko inakwenda wapi? Sisi matumbawe tunayaona yamekuwa meupe.

MchimbaTabaka

Ikiyeyuka kwenye maji hugeuka tindikali dhaifu. Maji ya juu ya bahari yameshuka kutoka pH 8.2 hadi 8.1 tangu zama za viwanda (pH ni kipimo cha tindikali, na ikishuka tindikali imeongezeka). Kwa kuwa kipimo hicho hakiendi kwa hatua sawa, huo ni ongezeko la tindikali la karibu asilimia 30, na viumbe wanaojenga magamba ya chokaa hupata shida zaidi. Ila weupe mliouona 1998, 2016 na 2024 ulisababishwa na joto la maji. Ni madhara mawili tofauti kutoka chanzo kimoja.

BintiRufiji

Na biashara ya hewa ukaa je? Kwetu kuna mikoko mingi, wanakuja watu na karatasi.

MchimbaTabaka

Dada, mikoko yenu ilindwe kwa nguvu zote. Tope lake linashika kaboni kuliko misitu mingi ya bara, linazuia mawimbi, linazaa kamba na samaki. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wanalipwa kwa kulinda miti yao, na Wakenya wa Gazi wana mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, mapato yananunua vitabu vya shule na kuleta maji. Nawaheshimu sana.

Ninachokataa ni aliye mbali kusema kwamba kwa kulipia mikoko amefuta mafuta aliyochoma. Mikoko Pamoja ni hekta 117, na inahesabiwa kuzuia tani 3,000 hivi za kaboni dioksidi kwa mwaka. Dunia inatoa zaidi ya tani 1,100 za kisukuku kila sekunde. Kazi ya mwaka ya kijiji kizima ni sekunde tatu za dunia. Zaidi ya hapo, mti unaishika kaboni kwa miongo, labda karne. Moto ukipita, au maji ya Rufiji yakibadili mkondo, inarudi. Ile ya Ruhuhu ilikuwa imefungiwa kwa miaka milioni 250. Huwezi kulipa cha pili kwa cha kwanza, na anayekuletea karatasi anapaswa kukuonyesha mnunuzi ni nani na anaendelea kuchoma kiasi gani.

Kama mnataka kuona makaa ya mawe yakiwa bado mimba, yako Kongo. Mwaka 2017 wanasayansi wa Kongo na Uingereza walitangaza kwamba chini ya misitu ya kinamasi ya bonde la kati la mto Kongo kuna mboji, mabaki ya majani na mizizi yasiyooza kwa kukosa oksijeni, kwenye eneo kubwa kuliko England. Imejikusanya kwa zaidi ya miaka 10,000, na ina takriban tani bilioni 30 za kaboni. Kila kitu kilichotokea Ruhuhu kinatokea pale sasa hivi: maji, giza, mimea inayoanguka, tope linaloikataza kuoza. Ikiachwa na ikizikwa, wajukuu wa wajukuu wa dunia hii wangeikuta ni makaa. Tani hizo zilizochukua miaka elfu kumi ni sawa na miaka mitatu tu ya uchomaji wetu. Na ikikaushwa inaanza kuoza papo hapo. Mwaka 2022 Kinshasa ilipotangaza zabuni za vitalu vya mafuta, baadhi vilikuwa juu ya mboji hiyohiyo, yaani kupasua kaboni changa ili kufikia nzee. Niliposoma sikupata usingizi.

Mwana_Longido

Swali la mwisho mkuu. Kwa nini tusiirudishe chini?

MchimbaTabaka

Inawezekana, na kwa njia inayopendeza. Iceland, kwenye mtambo wa jotoardhi wa Hellisheidi, wanayeyusha kaboni dioksidi kwenye maji na kuisukuma ndani ya mwamba wa basalti, na ndani ya miaka miwili karibu yote inakuwa jiwe. Basalti ya aina hiyo imejaa Bonde la Ufa, na Wakenya wameshaanza kujaribu. Ningefurahi kuona vijana wetu wa jiolojia wakiingia huko.

Ukubwa wake kwa sasa ndio huu: Hellisheidi imekuwa ikizika tani 12,000 hivi kwa mwaka. Hiyo ni hewa ukaa ya tani kama 5,000 za makaa ya mawe, yaani malori 170 ya tani thelathini kutoka Ngaka kwenda bandari ya Mtwara.